Sufuria la Masizi Chemchemini

Mama Yudith aliyasema yale huku miguu yake ikiwa ndani ya beseni, na Ernesta, aliyekuwa amepiga magoti akimkanda kwa maji ya moto na chumvi, nusura alimwage beseni zima.

"Kesho napanda chemchemi na Doreen. Wewe utabaki."

Utabaki! Hivyo tu, kama mtu anayesema kesho tutapika ugali. Ernesta aliendelea kukanda. Alikanda mpaka mama mkwe akamwambia, "Taratibu, mama Agatha, hilo ni goti, si unga wa chapati."

Sasa ili mumwelewe Ernesta, na msimhukumu haraka, sikilizeni. Chemchemi ile iko juu ya kijiji, ndani ya msitu ambao ukoo wa mumewe umeulinda tangu mababu. Maji yake ndiyo yanayojaza ndiva, lile bwawa dogo la kumwagilia, na ndiva ndiyo inayolisha tangawizi, migomba na mahindi ya mteremko mzima mpaka kule chini unakoanza kuiona barabara ya Same. Kila mwaka kabla ya vuli chemchemi hukaguliwa, kisha baada ya wiki chache husafishwa, na msafishaji mkuu ni mwanamke mmoja tu wa ukoo, mke aliyeolewa pale. Huyo ndiye mwenye chemchemi. Hana mshahara wala kiti, lakini akisema mtu asipande, hapandi, hata awe diwani. Mchungaji hana neno na jambo hilo. Kwanza yeye mwenyewe anayanywa maji yale, tena anayasifia.

Mwenye chemchemi alikuwa Mama Yudith, na magoti yake yalikuwa yamekwisha. Kijiji kizima kilijua kwamba mwaka huu au ujao atamwachia mtu. Na nani, kama si Ernesta? Ernesta aliyekaa naye nyumba moja tangu mwanawe Agatha yuko tumboni. Ernesta aliyempakia kwenye bodaboda, akamshika kwa nyuma kama mtoto, akamshusha hadi hospitali Same siku magoti yalipokataa kabisa. Mwaka hadi mwaka alipanda nyuma yake na mzigo kichwani, akatoa matope kwa mikono, akajifunza kila jiwe.

Lakini Ernesta alikuwa mtu wa Ugweno. Ukitazama ramani ni Upare uleule, ila mtu wa Ugweno ana lugha yake, na pale Pare Kusini wanawake wa ukoo walikuwa bado wanamwita "yule Mgweno wetu". Walimwita kwa upendo. Upendo huo ulimkera miaka yote. Alijiambia kwamba siku akikabidhiwa chemchemi, hakuna atakayemwita hivyo tena.

Ndipo akaja Doreen. Elibariki, mdogo wa mumewe, alimwoa mjini Same, Doreen alikokuwa akiuza vifaa vya simu dukani, akampandisha mlimani na kucha zake za rangi. Mama Yudith akampenda siku ya kwanza. Ernesta aliliona hilo kwa macho yake. Doreen alikuwa Mpare wa hapohapo, Chasu, yaani Kipare chenyewe, imejaa kinywani, na wale wawili walikaa jikoni wakitaniana kwa Kipare cha ndani kabisa, wanacheka mpaka wanapigana mabega. Ernesta alikielewa, ndiyo, lakini alikielewa kwa kuchelewa. Alipofika kwenye kichekesho, wenzake walikuwa wameshamaliza kucheka. Basi akicheka yeye, wanamgeukia kumtazama. Mnalijua jambo kama hilo linavyouma? Linauma kuliko tusi.

Asubuhi Doreen akaja mlangoni pa jiko, sweta limefungwa kiunoni, miguuni raba nyeupe.

"Shikamoo, dada. Mama amesema nikuulize wewe nichukue nini cha kwenda nacho chemchemi."

Ernesta alikuwa anapuliza moto. Moshi ulimwingia machoni, na ilikuwa afadhali. Ananyang'anywa chemchemi, halafu anaambiwa afunge na mzigo wa mnyang'anyi! Hivi Mama Yudith hakuwa na kinywa cha kumwambia mwenyewe?

Jibu alilijua. Kila mke aliyewahi kupanda alilijua: unachukua kibuyu. Kibuyu kisafi, kilichosuguliwa kwa mchanga, basi. Chombo kilichokaa motoni hakivuki mpaka wa msitu. Chemchemi haitaki masizi. Wazee walisimulia kwamba bibi harusi mmoja wa zamani alichota kwa chungu cheusi, na maji yakarudi ndani ya mwamba, ndiva ikabaki tope na vyura. Kama ni kweli au si kweli, hakuna aliyetaka kujaribu.

Kibuyu cha Ernesta kilining'inia juu ya kichwa chake, kwenye boriti. Angenyoosha mkono tu.

"Chukua lile sufuria," alisema. "Lile pale, la makande. Lifunge vizuri kwenye kanga lisikuchafue."

"Hili lenye bonde ubavuni?"

"Hilohilo. Mtachotea."

"Asante, dada. Bila wewe ningeaibika." Doreen akalifunga kwenye kanga yake mpya, akajitwika, akatoka mwendo wa maringo.

Roho mbaya ina utamu wake, tusidanganyane. Ernesta alijisikia vizuri kabisa kwa muda wa kuosha vikombe. Akilini alimwona Mama Yudith akifika mpakani, kanga inafunguliwa, sufuria jeusi linachungulia, na Doreen anarudishwa nyumbani mkono mtupu. Kisha akagundua kwamba kuwaza tu hakumtoshi. Alitaka kuona. Akafunika moto kwa majivu, akaufunga mlango, akatoka.

Njia ya kawaida hakuweza kuipita, wangemwona. Akazunguka kwa upande wa pili, nyuma ya ndiva, mahali ambapo hata wakata kuni hawaendi. Mwanzoni kulikuwa na vijaruba vya tangawizi vya jirani yao Hezroni, kisha mikaratusi, kisha ghafla hakukuwa na shamba la mtu. Msitu ulimmeza. Ukungu wa asubuhi ulikuwa bado umekaa kwenye matawi, na miti ilidondosha maji ingawa mvua haikuwapo. Kangaga zilimfika kifuani. Juu kabisa mbega walirukaruka na mikia yao myeupe, wakamzomea. Ernesta akawazomea na wao kimoyomoyo: nendeni mkamzomee Doreen.

Alipotea. Kwani mlitegemea nini? Alishika korongo moja, likamtupa kwenye jingine. Aliteleza, kitenge kikachanika kwenye mwiba, kiatu kimoja kikabaki topeni akakirudia kwa matusi madogo madogo ya Kigweno. Alikaribia kukata tamaa, ndipo akasikia maji. Hayakuwa na kishindo. Yalikuwa kama mtu anayenong'ona peke yake chumba cha pili.

Akapanda mwamba kwa mikono na magoti, na alipotokea juu akakuta kitu ambacho hakuwahi kukiona katika miaka yake yote ya kuja chemchemini. Siku zote walifikia bwawani, chini, pale maji yanapotulia kati ya mizizi ya mkuyu mkubwa, na kila mtu aliamini kwamba pale ndipo yanapozaliwa. Kumbe sivyo. Yalizaliwa huku juu. Mwamba ulikuwa na ufa mwembamba, hauzidi kiganja, na ndani yake maji yalitoka kama jasho. Tone lilivimba, likasita, likadondoka. Jingine likavimba. Matone yakawa uzi, uzi ukapita chini ya majani mabichi mororo, ukapotea ardhini. Kaa mdogo wa rangi ya kutu alikaa mlangoni mwa ule ufa na koleo zake zimekunjwa, anamtazama.

Ernesta alichutama. Aliweka kidole kwenye ufa, baridi ikampanda hadi kwenye kiwiko. Mlima mzima, mifereji yote, mahindi yote ya mteremko, vinatoka hapa? Kwa kitambo kidogo alisahau alichofuata.

Kisha akakumbuka, na wivu ukarudi na nguvu mpya, maana sasa alikuwa na kitu kizuri zaidi cha kunyang'anywa. Na hapa pia ataonyeshwa Doreen, alijisemea. Doreen atatia kidole hapa, na ile rangi ya kucha.

Sauti zikasikika chini. Alitambaa hadi kwenye ukingo, akajilaza nyuma ya gogo lililooza. Kupitia majani aliona vizuri. Hapo mpakani, penye mstari wa mimea ya masale iliyopandwa na wazee, liko jiwe pana ambapo watu huvua viatu. Mama Yudith alikuwa ameshafika, amekaa kwenye jiwe, anahema, fimbo kando yake na kikapu mapajani. Doreen alitua mzigo.

"Haya, toa chombo chako tuingie," alisema Mama Yudith.

Doreen akafungua kanga. Sufuria la makande likatokea, jeusi tii, na lile bonde lake ubavuni lililotokana na Agatha kulikalia akiwa mdogo.

Mama Yudith hakupiga kelele. Alilitazama. Alikuwa amekula kutoka sufuria lile siku zote za uzee wake, angelitambua hata gizani. Uso wake ulishuka, ukawa wa mtu aliyeletewa habari ya msiba.

"Nani amekwambia uchukue hili?"

Ernesta alibana pumzi. Haya, sema. Sema unitaje, tuyamalize.

Doreen hakuwa mjinga. Watu wa duka wanajua kusoma sura. Aliutazama uso wa mama mkwe, akalitazama sufuria, kisha macho yake yakaangukia kikapu cha mama, ambamo shingo ya kibuyu ilikuwa imechomoza. Ernesta aliona kabisa jinsi binti yule alivyoelewa kila kitu mara moja. Alielewa sufuria, alielewa jiko, alielewa "lifunge vizuri lisikuchafue."

"Hakuna mtu, mama," alisema Doreen. "Dada aliniambia kibuyu. Mimi nikakiona kidogo, nikabeba hili kwa ujuaji wangu. Nisamehe."

Jamani. Kuna kupigwa kofi, na kuna hicho.

Ernesta alitamani ardhi ipasuke. Na mjue, haikuwa shukrani iliyomjaa, bado. Ilikuwa hasira. Hata wema anishinde! Hata hapa, chini ya mti, bila kujua naangalia, lazima awe bora kuliko mimi!

Angekaa pale na hasira zake mpaka jioni, ila gogo lile lilikuwa na wenyewe. Siafu walikuwa wameshampanda muda mrefu kimyakimya, kama kawaida yao, wakasubiri wawe wengi. Waling'ata wote kwa pamoja. Ernesta alitoa ukelele uliofukuza mbega, akaruka, akabiringika mteremkoni, akaibuka kati ya masale akicheza ngoma ambayo haijapata kuchezwa Upare, kitenge mkononi, kajishika huku na kule.

"Yesu wangu! Siafu! Nitoeni! Mgongoni!"

Doreen alimkimbilia. Mama Yudith alinyoosha fimbo kumzuia. "Mwache, namtoa mwenyewe. Wewe nenda kakusanye majani makavu kule chini ya masale."

Akamkalisha Ernesta mbele yake kwenye jiwe, kama mtoto anayesukwa nywele, akaanza kuwatoa siafu mgongoni, mmoja mmoja, kwa kucha. Wengine vichwa vilibaki kwenye ngozi, akavitoa navyo.

"Mimi niliolewa hapa nikiwa mtu wa kuja kama wewe," alisema Mama Yudith hatimaye. "Mama mkwe wangu alipozeeka, akatangaza kwamba anapanda chemchemi na Agripina, mke wa shemeji yangu. Mimi nibaki. Nililia nyuma ya zizi mpaka mbuzi wakanishangaa."

Ernesta aligeuka.

"Tulia, kuna mwingine huku shingoni. Asubuhi Agripina akaja kuniuliza achukue nini. Nilimchukia, mama Agatha. Nilitamani ateleze avunjike mguu. Lakini nikamwambia: kibuyu, kisugue kwa mchanga, vua viatu kwenye jiwe, usiite mtu kwa sauti ukiwa ndani. Nikamjibu yote. Walipoondoka nikaendelea kulia. Jioni mama mkwe aliporudi akaniita, akaniambia kuanzia leo chemchemi ni yako."

"Lakini hakukupeleka."

"Mwenye chemchemi hapelekwi. Njia si unaijua? Mwenye chemchemi anaulizwa. Ndivyo wanavyokabidhi hapa. Wanamtuma mgeni kwako, na wewe huambiwi kwa nini, maana ukiambiwa utajibu vizuri kwa ajili ya cheo."

Siafu walikuwa wamekwisha mgongoni, lakini mkono wa mama mkwe ulibaki begani. Ernesta alihisi baridi ya kule kwenye ufa ikimpanda upya, safari hii kutoka tumboni.

"Yeye amesema nilimwambia kibuyu," alinong'ona, na aliona aibu hata ya kulisema.

"Nimemsikia. Kibuyu chako kiko juu ya boriti. Yeye tangu aje hajawahi kuinua macho jikoni kwako, anaogopa kukutazama."

Ernesta alilia basi, kilio cha makamasi, cha mtu mzima asiyejali nani anamwona. "Nisamehe, mama. Niulize tena. Niulize sasa hivi."

"Nimekusamehe," alisema Mama Yudith, na sauti yake ilikuwa na huzuni ya kweli. "Ila umeshaulizwa, mwanangu, na umeshajibu."

Sufuria halikurudi nyumbani. Walilifukia mdomo chini, upande wa nje wa masale, na Mama Yudith akaingia msituni peku, na Doreen nyuma yake. Ernesta alibaki kwenye jiwe akiwalindia viatu.

Wiki zikapita. Doreen hakumsema kwa mtu, wala hakubadilika. Alimwamkia "Shikamoo, dada" kila asubuhi, na kila shikamoo ilimchoma Ernesta kama sindano ya hospitali. Mke wa Hezroni na wenzake walishangaa kidogo kwamba chemchemi imekwenda kwa Doreen, bibi harusi wa juzi, kisha wakazoea, maana watu huzoea. Ernesta hakuzoea. Alipokuwa akimkanda mama mkwe miguu alikuwa akisikiliza wawili wale wakicheka, na sasa hata alipokielewa kichekesho kwa wakati hakucheka.

Jioni moja akiwa uani anachambua maharage, Mama Yudith amekaa juani kwenye kigoda chake, akatokea msichana langoni. Alikuwa Blandina, mke mpya wa mtoto wa Hezroni, kavaa viatu vya kung'aa.

"Shikamooni. Nimeambiwa kesho tunapanda kusafisha. Nimetumwa niulize cha kuchukua."

Mkono wa Ernesta ulisimama ndani ya ungo.

"Karibu," alisema. "Umetumwa kwa nani?"

"Kwa mke wa Elibariki."

Ernesta alionyesha nyumba ya pili kwa kidevu. Hakuweza kuinua mkono.

Doreen alitoka, mikono ina unga, akajibu pale pale uani, kwa makini, kama mwanafunzi anayejua mwalimu yuko nyuma yake. Kibuyu, si chombo cha moto. Kisuguliwe kwa mchanga. Usiite mtu kwa sauti. Blandina akaitikia, akashukuru, akageuka kuondoka.

Doreen hakutaja viatu.

Ernesta alikuwa wa kwanza kulihisi pengo lile, kabla hata Doreen hajarudi ndani. Alimtazama Mama Yudith. Mama Yudith alikuwa amefumba macho, kama amelala. Kesho, basi, kijana yule ataingia bwawani na viatu vyake vya kung'aa, na ukoo mzima utauliza nani alimfundisha. Na watajibiwa. Utamu ule wa siku ile ukamjia tena kinywani, uleule kabisa. Alichohitaji ni kuchambua maharage tu, kutofanya chochote.

Blandina alifungua lango.

Ernesta aliliona lile tone kwenye ufa, likivimba, likisita.

"We binti!" aliita, na sauti yake ilitoka kwa ukali, kama ya mtu anayegombana. "Viatu unavua kwenye jiwe, kwenye masale. Usivuke navyo."

"Haya, mama. Asante."

Lango likafungwa. Doreen alikuwa amesimama mlangoni kwake, mkono mdomoni, amekumbuka. Alimtazama Ernesta, na Ernesta akainamia ungo wake upesi, kwa sababu wivu ulikuwa bado upo na hakutaka uonekane.

"Nani amekuuliza?" alisema Mama Yudith bila kufumbua macho.

"Hakuna, mama."

Mama Yudith alivuta kanga ikae vizuri mabegani, akanyoosha miguu yake yote miwili mbele, akasubiri. Ernesta akaweka ungo kando, akaenda kuyabandika maji ya moto kwenye sufuria jipya.